Kichwa na Fuvu: Habari za Mangi Meli

Katika Old Moshi, juu mlimani, upo mti ambao wenyeji humwonyesha mgeni kabla ya kitu kingine. Hapo tarehe 2 Machi 1900 Wadachi waliwanyonga watu 19, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, na Mangi Lobulu Kaaya wa Meru. Meli huyo alikuwa amewashinda Wadachi vitani katika Juni 1892, akashindwa mwaka uliofuata. Wazee husimulia ya kwamba alipokwisha kufa kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ulaya.

Habari hiyo ilifanyiwa maonyesho yaitwayo *Mangi Meli Remains*, yaliyofunguliwa Berlin mwaka 2018, kisha yakaletwa Old Moshi penyewe. Na mwaka 2024 ikatoka filamu ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, *The Empty Grave*, maana yake kaburi lililo tupu. Hiyo yafuata ukoo wa Kaaya, pamoja na ukoo wa Mbano wa Songea, ambao babu yao, Nduna Songea Mbano, alinyongwa mwaka 1906 kwa ajili ya Vita vya Maji Maji.

Mwenye kusikiliza maneno katika shauri hili lote atatambua jambo moja. Wataalamu husema fuvu. Jamaa za marehemu husema kichwa. Fuvu ni mfupa, laweza kuwa la mtu yeyote, nalo huandikwa hesabu na kuwekwa kabatini. Kichwa kina mwenyewe. Wala hili si neno tupu: kwa desturi ya Wachaga wa kale mifupa ya mzee ilifukuliwa baada ya muda, na kichwa kikawekwa katika kihamba chake, penye masale. Basi asiye na kichwa, maziko yake hayajaisha bado, nao watoto wake wamebaki na deni. Ndiyo sababu mjukuu wake, Isaria Meli, alikidai miaka mingi. (Nami naona waliomwona kuwa msumbufu hawakumwelewa.)

Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin, waliochunguza mafuvu kama 1,100 yaliyotoka Afrika ya Mashariki, walitangaza ya kuwa machache yamepata jamaa walio hai. La Meli halikuonekana. Lakini moja lilikuwa la mshauri wake, nalo lilijulikana kwa sababu juu ya mfupa palikuwa pamebaki neno lililoandikwa zamani: *Akida*.