Maji Yasiyotia Sahihi: Mikataba na Maji ya Ardhini Kusini mwa Durban

Mnamo Julai 2001 ilibainika kwamba bomba lililotoka kiwanda cha kusafishia mafuta cha SAPREF, kusini mwa Durban, kuelekea matangi ya Island View bandarini, lilikuwa limevujisha petroli chini ya makazi ya watu upande wa Wentworth na Bluff. Kilichomwagika kilizidi lita milioni 1. Familia zilihamishwa, na visima vikachimbwa ili kuivuta petroli iliyokuwa ikielea juu ya maji ya ardhini. Uzito wa tukio hili unaonekana katika hesabu ndogo. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 hubeba takribani gramu 8 za kemikali hiyo isababishayo saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu maikrogramu 10 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa hesabu ya karatasi, basi, lita moja ya petroli yatosha kuharibu lita 800,000 za maji.

Hoja yangu ni kwamba mikataba mingi inayogusa ardhi ya viwanda huyalinda maji ya ardhini kana kwamba ni mali ya waliotia sahihi. Tangu 1998, nchini Afrika Kusini, si mali yao. Chini ya Sheria ya Maji ya 1956, maji yaliyo chini ya shamba yalihesabiwa kwa sehemu kubwa kuwa maji binafsi ya mwenye shamba. Sheria ya Taifa ya Maji, namba 36 ya 1998, ilifuta mgawanyo huo na kuifanya serikali kuwa mdhamini wa maji yote kwa niaba ya umma, ya mtoni na ya ardhini. Kifungu chake cha 19 kinamtaka mwenye ardhi, mdhibiti wake, au hata anayeitumia tu, achukue hatua za kuzuia uchafuzi na kuuondoa. Kwa hiyo mpangishaji na mpangaji wa eneo la matangi wanapogawana hatari za uchafuzi kati yao, wanajadili kitu ambacho mwenyewe hayupo mezani.

Tuanze na lugha iliyozoeleka: mkandarasi atachukua hatua zote zinazofaa kuzuia uchafuzi wa maji. Sentensi hii haina ubaya, ila haipimiki. Uchafuzi ni mabadiliko, na mabadiliko hayathibitiki bila kujua hali ya awali. Mpangaji wa zamani atasema uchafu uliletwa na mrithi wake. Mrithi atasema aliukuta. Sharti la kwanza la maana, basi, ni upimaji wa hali ya awali kabla ya kukabidhiwa ardhi, unaokubaliwa na pande zote na kuambatanishwa na mkataba kama sehemu yake. Sheria ya Bandari za Taifa ya 2005, katika kifungu cha 56, inaipa Mamlaka ya Bandari uwezo wa kuingia mikataba ambayo mwisho wake gati na miundombinu yake hurudi kwa Mamlaka. Mali ikirudi, udongo na maji yake hurudi pia, pamoja na madeni yaliyozama humo.

Kisha kuna suala la visima vya ufuatiliaji, na hapa mwanasheria anamhitaji mwanajiolojia kando yake tangu siku ya kuandika. Mkataba unaosema tu kwamba vitachimbwa visima vitatu unaweza kutekelezwa kikamilifu na usione chochote. Visima vitatu, visipokuwa kwenye mstari mmoja, ndiyo idadi ya chini ya kukadiria mwelekeo wa maji, lakini idadi haitoshi. Petroli huelea, kwa hiyo sehemu ya bomba la kisima yenye matundu lazima ivuke usawa wa maji, juu na chini yake. Viyeyusho vyenye klorini, vinavyotumika kuondolea grisi viwandani, ni vizito kuliko maji na huzama. Kuvikamata kunahitaji kisima cha kina zaidi. Karibu na bandari usawa wa maji hupanda na kushuka pamoja na bahari, hivyo vipimo vya maji kujaa na vya maji kupwa havilinganishwi ovyo. Benzini nayo hugeuka mvuke kwa urahisi: sampuli ikiachiwa nafasi ya hewa ndani ya chupa, au ikikaa juani, majibu ya maabara yatapendeza na yatakuwa ya uongo. Mambo haya yote, kuanzia kina cha kisima hadi maabara yenye ithibati ya SANAS (mfumo wa taifa wa ithibati wa Afrika Kusini), ni masharti ya mkataba. Kuyaachia busara ya fundi ni kuyaachia bajeti ya fundi.

Muda ndio kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote. Kipindi cha matazamio katika mikataba ya ujenzi mara nyingi ni miezi 12. Kikiisha, fedha zilizozuiliwa hurudi kwa mkandarasi. Maji ya ardhini hayajui kalenda hiyo. Tuchukue mfano wa maji yanayosogea mita 30 kwa mwaka: kisima kilicho umbali wa mita 100 kitauona uchafu baada ya miaka mitatu na zaidi, mkandarasi akiwa ameshalipwa na kuondoka. Dhamana ya benki inayohusu maji inapaswa kukokotolewa kwa kasi ya maji hayo, na ibaki hai hadi vipimo vitakaporidhisha kwa misimu kadhaa mfululizo.

Je, kuuza ardhi kunamwondolea mtu wajibu? Mahakama ya Rufaa ya Juu ya Afrika Kusini ilijibu mwaka 2013 katika shauri la Harmony Gold. Kampuni hiyo ilikuwa imeamriwa chini ya kifungu cha 19 kuchangia gharama za kusukuma maji ya migodini katika eneo la Klerksdorp na Orkney. Baadaye migodi yake huko iliuzwa kwa kampuni ya Pamodzi, na Harmony ikadai kwamba haifungwi tena na amri hiyo. Mahakama ilikataa. Nasi tuisome hukumu hiyo tukikumbuka kwamba mwaka 2024 SAPREF yenyewe, iliyokuwa ya Shell na BP kwa ubia, ilitangazwa kuuzwa kwa Mfuko Mkuu wa Nishati wa serikali kwa randi 1. Katika mauzo ya namna hiyo, bei halisi imo katika vipengele vya udongo na maji. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Taka ya 2008 kinakataza kuhamisha ardhi iliyochafuliwa bila kumjulisha anayeipokea. Jirani anayeishi ng'ambo ya ukuta hapokei taarifa hiyo.

Jirani huyo ndiye kiini cha hoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi wa kusini mwa Durban walichukua wenyewe sampuli za hewa kwa ndoo maalumu na kuzipeleka maabara. Hewa huvuka ukuta; mwananchi anaweza kuikinga. Maji ya ardhini hayapimiki bila kuingia kwenye ardhi ya mwingine na mashine ya kuchimbia. Asiyepewa haki hiyo na mkataba au na sheria hana njia nyingine. Sheria ya Kirumi-Kiholanzi, inayotumika Afrika Kusini, inatambua mkataba kwa manufaa ya mtu wa tatu: pande mbili huweza kumwekea asiyekuwepo haki, naye akiikubali anaweza kuidai mahakamani. Sioni kwa nini mkataba wa matangi usitamke kwamba wakazi wa mitaa inayopakana, kupitia chombo chao, watapewa vipimo vya kila robo mwaka na ramani ya visima.

Wawekezaji hupinga kwamba takwimu zikitolewa zitazaa kesi. Hofu hiyo ina msingi, na mkataba unaweza kuipunguza kwa kupanga muda wa kuthibitisha majibu kabla ya kuyatoa. Lakini anayeogopa kesi kwa sababu ya namba tayari amekiri namba zitasema nini. Watu wa Wentworth waliwekwa jirani na viwanda na sera ya ubaguzi iliyogawa makazi kwa rangi. Hawakuulizwa wakati ule.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili si la mbali. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na mkataba kati ya serikali ya Tanzania na kampuni ya mradi ulitiwa sahihi Mei 2021. Ningependa vipimo vya awali vya visima vya vijiji vilivyo kando ya njia hiyo viwe ndani ya ofisi ya kila kijiji, kwa Kiswahili, vikiwa na namba ya kisima, tarehe ya sampuli na jina la maabara, ili siku maji yatakaponuka mwenyekiti wa kijiji awe na karatasi ya kulinganisha.