Daftari, Taipu, Kompyuta: Safari Ndefu Hadi Muhuru Bay



Ukifika Muhuru Bay usiku usio na mbalamwezi, utadhani kuna mji juu ya maji. Kumbe ni taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Omena hufuata mwanga, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu kazi hulala. Asubuhi mashua zinarudi, na kina mama wako ufuoni na makarai yao wakisubiri. Hapa, kwenye ncha ya Kaunti ya Migori inayopakana na Tanzania, pesa hupita mikononi kila siku. Swali ni hili: je, inaandikwa mahali?

Tuseme mama mmoja amenunua omena wa shilingi 6,000, akaenda kuuza mbali kwa 7,500. Anarudi nyumbani na furaha, amepata 1,500. Lakini matatu imekula 700, ushuru 150, gunia 100, na chakula na malazi ya siku tatu 400. Toa hizo zote, kimebaki shilingi 150. Siku tatu za jasho, shilingi 150! Mama huyu si mvivu wala si mjinga. Alichokosa ni daftari, na mtu wa kumfundisha kulitumia.

Vijana wenzangu, elimu hiyo ya daftari, ambayo leo imeingia ndani ya kompyuta, ina historia ndefu kwetu. Tuitazame.

Biashara iliyofundishwa nyuma ya kaunta

Zamani biashara haikuwa somo la darasani. Ulijifunza kwa kukaa dukani. Chukua mfano wa Allidina Visram, aliyetoka Kutch, India, akiwa bado kijana, akafanya kazi Bagamoyo chini ya tajiri Sewa Haji Paroo. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina aliendeleza biashara, na reli ilipojengwa kuelekea ziwani alifungua maduka njia nzima hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916, na mwaka 1923 shule yenye jina lake ikafunguliwa Mombasa.

Mfumo huo ulikuwa na uzuri wake, lakini ulikuwa na mlango mmoja tu. Kama mjomba au baba yako hakuwa na duka, ungejifunzia wapi? Serikali ya kikoloni nayo iligawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Tume ya Phelps-Stokes iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924 ilisisitiza kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kilimo na kazi za mikono. Kwa hiyo kijana wa ziwani alijua kuvua na kulima, lakini bei ya samaki na pamba yake ilipangwa na mtu mwingine.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu, alianzisha na wenzake shirika la akiba na biashara la Luo Thrift and Trading Corporation. Walikusanya hisa kwa watu wa kawaida, wakajenga jumba na kuendesha kiwanda cha uchapaji pale Kisumu. Odinga alitaka kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kuendesha biashara yake mwenyewe.

Pwani nako kulikuwa na kilio hicho hicho. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kama MIOME, iliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ujuzi wa ufundi. Mwaka 1966 ikawa chuo cha ufundi cha Wakenya wote, mwaka 1972 ikaitwa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kilichoanzishwa kwa ajili ya jamii moja sasa kinafaidi nchi nzima.

Kutoka taipu hadi kompyuta

Baada ya uhuru, masomo ya biashara yaliingia shuleni kwa vipande vipande: uhasibu huku, biashara huku, uchumi kule, na kupiga taipu kwa wale waliotarajiwa kuwa makarani. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuja na ahadi kwamba mwanafunzi atoke shuleni akiweza kujitegemea. Mtaala uliporekebishwa, vipande vile viliunganishwa kuwa somo moja la Biashara, lililotahiniwa kwa mara ya kwanza katika KCSE ya mwaka 2006.

Kompyuta nayo ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1983 Wakfu wa Aga Khan ulianza mradi wa kompyuta katika shule yake ya Nairobi, kisha ukaupeleka kwa shule nyingine chache. Miaka ya 1990 somo la Kompyuta likaingia kwenye KCSE. Lakini hapa pana jambo. Mtihani wake una karatasi ya vitendo na mradi. Shule isiyo na umeme ingelifundisha vipi? Basi somo likabaki kwa shule zenye uwezo, na mtoto wa ufuoni akaendelea kulisikia tu.

Kisha mambo yakaenda mbio. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa. Simu ya mvuvi ikawa benki yake kabla mwanawe hajagusa kompyuta darasani.

Muhuru Bay yaamka

Mwaka 2010 ilifunguliwa Muhuru Bay shule ya sekondari ya bweni ya wasichana inayoitwa WISER. Walioshirikiana kuianzisha ni wanajamii wenyewe, Dkt. Rose Odhiambo aliyekuwa Chuo Kikuu cha Egerton, na Dkt. Sherryl Broverman wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Msichana wa ufuoni alikuwa akiacha shule kwa sababu ya karo, mimba au ndoa za mapema. Shule ya bweni karibu na nyumbani ilimpa nafasi ya kubaki darasani hadi kidato cha nne.

Faida ya elimu hiyo kwa ufuo wenyewe si ndogo. Kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Hiyo ni miezi minne. Familia isiyopanga bajeti huingia kwenye madeni, na msimu mpya unapofunguliwa samaki wake tayari ni wa mdai. Vikundi vya kusimamia fuo, BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, vinahitaji katibu na mweka hazina wanaojua kazi. Na kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja. Wavuvi wengi waliona bei imeanguka tu, hawakuelewa imeangushwa na nini.

Tufanye nini?

Sisi Waislamu hatuna udhuru. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Lakini ni wangapi kati yetu wanaandika?

Katika mtaala mpya, mwaka 2024 Biashara na Kompyuta ziliunganishwa na Ufundi wa Awali kuwa somo moja la sekondari ya chini. Wazazi, msingoje mwalimu peke yake. Nunueni daftari la shilingi chache, mtoto aandike mapato na matumizi ya nyumba kwa mwezi mmoja. Nawe kijana uliyebahatika kujua lahajedwali, likizo hii kaa na mama yako, uingize hesabu za biashara yake mkiwa pamoja. Usimcheke akiuliza. Kama atagundua faida yake ni shilingi 150, mtakuwa mmeanza kutafuta dawa.