Undokai: Historia ya Siku ya Michezo Katika Shule za Japani

Undokai ni siku ambayo shule nzima nchini Japani, kuanzia watoto wa darasa la kwanza, hutoka uwanjani kufanya mazoezi na kushindana mbele ya wazazi. Chimbuko lake ni jeshini. Machi 1874, chuo cha jeshi la wanamaji kilichokuwa Tsukiji, Tokyo, kilifanya mashindano ya riadha yakisimamiwa na walimu Waingereza chini ya Archibald Lucius Douglas. Mwaka 1878 Chuo cha Kilimo cha Sapporo nacho kikafanya mashindano yake. Mwaka huohuo serikali ilifungua taasisi ya kuwaandaa walimu wa mazoezi ya viungo, na Mmarekani George Leland akaitwa kufundisha.

Aliyeyapeleka mazoezi hayo katika shule za kawaida kwa nguvu ya serikali ni Mori Arinori, aliyekuwa waziri wa elimu tangu 1885. Aliamini kwamba gwaride na mazoezi ya kijeshi vingewajengea vijana utii na mshikamano. Undokai ikawa nafasi ya kuyaonyesha hadharani yale waliyofundishwa.

Hata hivyo, shule nyingi hazikuwa na viwanja. Kwa hiyo shule kadhaa za jirani zilikutana kando ya mto, ufukweni au kwenye eneo la hekalu, na watoto walikwenda huko kwa miguu. Wanavijiji walifuata kutazama, wakaifanya siku hiyo kuwa sikukuu yao. Shule zilipopata viwanja, kila moja ilianza kuandaa undokai yake, lakini watu hawakuacha kuja na vyakula vyao na kushangilia.

Umati huo ulipenda burudani, na ratiba ikapanuka. Pamoja na mbio za kupokezana vijiti na kuvuta kamba, kulikuwa na kutupia vifuko vya maharage kwenye kikapu kilichoinuliwa juu ya nguzo, na vita vya farasi, ambapo watoto watatu humbeba mwenzao anayejaribu kumnyang'anya mpinzani kofia. Shule hugawanywa timu mbili, nyekundu na nyeupe, rangi za koo za Taira na Minamoto zilizopigana kati ya 1180 na 1185. Kwa kuwa kila timu ina watoto wa madarasa yote, mdogo asiye na mbio naye huiongezea timu yake alama.

Mazoezi ya kupasha mwili kabla ya mashindano nayo yana historia yake. Novemba 1928 redio ya Tokyo ilianza kurusha mazoezi yanayofuata muziki, kwa mfano uliotoka Marekani. Watoto wa nchi nzima waliyajua kwa moyo. Katika miaka ya vita, gwaride na mbinu za kijeshi vilitawala undokai. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, mafunzo ya kijeshi yalipigwa marufuku shuleni, na mazoezi ya redio yakasimama mwaka 1947. Yalirudi mwaka 1951 yakiwa na muziki mpya, na hadi leo undokai nyingi hufunguliwa kwa mazoezi hayo.

Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilifunguliwa tarehe 10 Oktoba 1964. Mwaka 1966 tarehe hiyo ikawa sikukuu ya afya na michezo, nayo ikaimarisha desturi ya kufanya undokai majira ya vuli.

Maonyesho ya halaiki, hasa piramidi za watoto waliopandiana migongoni, yalizidi kwenda juu hadi yakaleta hatari. Mwaka 2015 piramidi ya ngazi kumi iliporomoka katika mkoa wa Osaka na kujeruhi wanafunzi. Mwaka uliofuata jiji la Osaka lilizikataza piramidi shuleni mwake. Shule nyingi pia zimehamishia undokai Mei au Juni kukwepa joto la Septemba, na tangu janga la korona la 2020 nyingi zimeifupisha kuwa ya nusu siku.