Kimya cha Mtoto Mgonjwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

   Leo tutasoma habari za kitanda kidogo cha hospitali, mtoto aliyelazwa juu yake, na mama aliyeachwa nje ya mlango.

Nianze kwa swali. Mtoto wa miaka 2 amelazwa hospitalini, mama amerudishwa nyumbani. Siku ya kwanza mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu ameketi kimya, anakunywa dawa bila kukataa, wala hamsumbui mtu. Je, mtoto huyu amezoea? Wekeni jibu lenu moyoni mpaka mwisho wa somo. Kwa miaka mingi wauguzi hodari wa Uingereza walijibu, "Ndiyo, amezoea." Walikosea, na kosa hilo liliwaumiza watoto wengi.

JINSI MILANGO ILIVYOFUNGWA

Hospitali ya kwanza ya Uingereza ya kulaza watoto tu ilifunguliwa mjini London tarehe 14 Februari 1852, katika mtaa wa Great Ormond Street. Mwanzilishi wake alikuwa Daktari Charles West. Ilianza na vitanda 10 tu. Baadaye wodi za watoto zilienea katika miji mingi.

Siku zile maradhi ya kuambukiza yaliwaua watoto wengi. Penisilini haikuwapo, ilianza kutumika hospitalini katika miaka ya 1940. Dondakoo likiingia wodini, lilihama toka kitanda hiki hata kile. Kwa hiyo wakuu wa hospitali waliwaogopa wageni, maana mgeni huenda akaleta vidudu vya maradhi. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, tusiwacheke.

Lakini palikuwa na sababu ya pili. Mama alipokuja, mtoto alifurahi. Mama alipoondoka, mtoto alilia kwa nguvu. Wauguzi wakaona kwamba siku asipokuja mama, wodi ni shwari. Wakasema, "Mama anamvuruga mtoto." Basi wakapunguza saa za kuwatazama wagonjwa. Hata karibu na mwaka 1950 zilikuwapo hospitali za London zilizowaruhusu wazazi kuja mara moja tu kwa juma, kwa saa moja au mbili. Nyingine ziliwakataza kabisa, au ziliwaruhusu kumwona mtoto akiwa usingizini. Wauguzi hao hawakuwa watu wabaya. Walifundishwa hivyo, nao waliwafundisha wenzao hivyo hivyo.

DAKTARI ALIYEFUNGUA MLANGO

Si kila mtu aliridhika. Kaskazini ya Uingereza, katika mji wa Newcastle, alikuwako daktari jina lake James Spence. Tangu mwaka 1925, katika hospitali ndogo ya watoto wachanga, aliwakaribisha akina mama walale pamoja na watoto wao. Mama alimnyonyesha mtoto, akamwogesha na kumbembeleza. Mwuguzi alimwonyesha njia, na yeye mwenyewe akashika kazi zinazotaka ustadi. Spence aliona kwamba mtoto alipata utulivu wa kweli, na mama alirudi nyumbani akiwa na ujuzi zaidi. Walakini kwa zaidi ya miaka 20 waliomfuata walikuwa wachache.

MCHOCHEA MOTO NA KADI ZAKE

Sasa sikilizeni habari za mtu ambaye hakuwa daktari wala mwuguzi. Jina lake James Robertson, mtu wa Uskochi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mchochea moto na fundi wa kazi ndogo ndogo katika nyumba ya kulelea watoto mjini London, iliyoongozwa na Anna Freud. Katika nyumba ile kila mfanyakazi, hata mchochea moto, alitakiwa kuandika katika kadi yale aliyoyaona kwa watoto. Wanafunzi wangu, tieni jambo hili akilini. Robertson alijifunza kutazama, na akajifunza kuandika alichokitazama.

Mwaka 1948 alianza kazi kwa Daktari John Bowlby. Kazi yake ilikuwa kukaa katika wodi na kuwatazama watoto wadogo waliotengwa na mama zao. Aliona hali tatu zinazofuatana. Kwanza, mtoto hulia na kukataa kila kitu, akimwita mama. Pili, hunyamaza kwa kukata tamaa. Tatu, huanza kula, kucheza, na kumchekea kila mwuguzi. Lakini mama akija, humtazama kama mgeni. Hali hii ya tatu ndiyo wauguzi walioiita "kuzoea". Robertson alisema kuwa mtoto hakuzoea. Ameufunga moyo wake ili usiumie tena. Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo ulisikika nyumbani baadaye: mtoto anashtuka usiku, anakojoa kitandani, anamng'ang'ania mama hata asiweze kwenda kisimani.

Madaktari hawakumsadiki. Basi akachukua kamera akapiga sinema ya mtoto mmoja, Laura, mwenye umri wa miaka 2 na miezi 5. Mtoto huyu alikaa hospitalini siku 8 kwa kupasuliwa ngiri ya kitovu. Katika sinema hiyo mtoto hapigi kelele. Anajizuia asilie, anauliza mama yuko wapi. Siku ya kuondoka anakusanya vitu vyake vyote, anatoka, lakini anakataa kushika mkono wa mama yake.

Sinema ilionyeshwa kwa madaktari na wauguzi mjini London mwezi wa Novemba 1952. Wengi walikasirika, wakasema amewasingizia. Mmoja wa waliokasirika alikuwa Daktari Dermod MacCarthy, wa mji wa Amersham. Lakini aliporudi wodini kwake, alianza kuyaona yale aliyoyaona katika sinema. Yeye na Sista Ivy Morris, mkuu wa wauguzi wa wodi hiyo, wakawafungulia akina mama mlango. Mwaka 1958 Robertson alitoa sinema ya pili, iliyopigwa katika wodi yao, ya mtoto aliyelazwa pamoja na mama yake.

AKINA MAMA WASHIKA KAZI

Mwaka 1959 kamati ya serikali, iliyoongozwa na Sir Harry Platt, ilitoa taarifa yake. Ilishauri kwamba wazazi waruhusiwe kuwatazama watoto wakati wowote, na kwamba mama wa mtoto mdogo aweze kulala hospitalini. Lakini ushauri si amri. Hospitali nyingi ziliuweka kabatini. Mwaka 1961 Robertson alionyesha sehemu za sinema zake katika televisheni, na mwaka huo huo akina mama wa mtaa wa Battersea, London, waliunda chama. Waliandika barua, walizuru hospitali, waliuliza maswali. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kidogo kidogo milango ikafunguka.

KARIBU NA KWETU

Pamoja na Bowlby na Robertson alifanya kazi bibi mmoja, Mary Ainsworth. Mwaka 1954 alikwenda Uganda, akazuru nyumba 26 katika vijiji karibu na Kampala, akiwatazama mama na watoto wao wachanga. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake huitambua haraka haja yake hakuwa mdekaji. Aliweza kutambaa mbali kidogo, kuchezea vitu, kisha kumrudia mama. Mama alikuwa kama nanga ya mashua: mtoto alithubutu kwenda kwa sababu alijua yupo wa kumrudia. Elimu hiyo sasa inafundishwa duniani kote, na mwanzo wake ulikuwa katika nyumba za Waganda.

Katika hospitali nyingi za nchi zetu mama hulala na mtoto wake, hata kama ni juu ya mkeka. Wako waliodhani desturi hiyo ni upungufu tu, kwa kuwa wauguzi ni wachache. Tazameni basi habari iliyotolewa mwaka 2021. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya kilo 1.8 walitunzwa katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Wengine waliwekwa kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa, ngozi kwa ngozi. Wengine walisubiri mpaka hali yao itulie. Katika siku 28 za kwanza, kati ya kila 100 waliosubiri walikufa karibu 16. Kati ya kila 100 waliowekwa kifuani mapema walikufa 12. Yaani katika kila mia, karibu wanne waliokolewa. Wauguzi hawakukosa kazi. Walipima, walitia dawa, walimwongoza mama.

JIBU LA SWALI LETU

Sasa toeni lile jibu mlilolificha. Mtoto aliyenyamaza siku ya tatu huenda hajazoea. Huenda amekata tamaa. Mwuguzi mwema husikia kilio, na husikia kimya pia. Nanyi wazazi, mtoto wenu akilazwa, ulizeni kama mmoja wenu aweza kukaa naye. Ikiwa lazima uondoke, usitoroke. Mwambie, "Nakwenda, nitarudi," kisha urudi. Akikung'ang'ania nyumbani baadaye, usimchape. Anauliza kama bado upo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa sababu gani mbili hospitali ziliwazuia wazazi?
2. Taja hali tatu alizoziona Robertson.
3. Kadi za mchochea moto zatufundisha nini juu ya faida ya kuandika?
4. Katika hospitali iliyo karibu nanyi, mama hulala wapi? Andikeni sentensi tatu.