Delamere Aliyehamishwa

Ukitoka Nakuru kwenda Nairobi, kabla hujafika Gilgil, tazama kulia. Ng'ambo ya Ziwa Elmenteita kuna kilima kilicholala chali kama mtu. Wamaasai hukiita Elngiragata Olmorani, morani aliyelala. Walowezi wa Kiingereza walikiita Pua ya Delamere, kwa jina la kiongozi wao.

Delamere mwenyewe, wa shaba nyeusi, ameketi shambani Soysambu akikikodolea macho. Hakuwekwa hapo tangu mwanzo. Sanamu hiyo, kazi ya Kathleen Scott wa Uingereza, ilizinduliwa Nairobi mwaka 1939, miaka minane baada ya mwenyewe kufa, kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake. Uhuru ulipoingia iling'olewa, barabara ikapewa jina la Kenyatta, na sanamu ikarudishwa nyumbani.

Hilo neno "nyumbani" ndilo linalonikwaza. Mwaka 1904 Olonana, kiongozi wa Wamaasai, na wazee wenzake walitia alama kwenye mkataba na Waingereza uliowaondoa Wamaasai katika hili Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia. Waliahidiwa kwamba mkataba ungedumu maadamu kabila lao lipo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 uliandikwa mwingine, Laikipia nayo ikatakiwa, wakaswagwa kusini pamoja na ng'ombe wao. Walipokwenda mahakamani, waliambiwa mwaka 1913 kwamba mikataba hiyo ni ya dola na dola, haimhusu hakimu. Ajabu: watu walionyang'anywa malisho ghafla wakawa dola!

Malisho hayakurudi, ila sheria yetu inajua kuondoa sura za watu. Kifungu cha 231 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. (Noti za 2019 zikatoka na jengo la mikutano la KICC, mbele yake sanamu ya Kenyatta. Kesi ya kuzipinga ikafunguliwa, noti zikabaki.) Kuhusu masanamu yenyewe, Katiba imenyamaza. Delamere aliondoka barabarani kwa sababu zama zake zilikwisha, akapokewa na ukoo wake kwenye ekari zipatazo 48,000, ambazo leo ni hifadhi ya wanyamapori na bado ni mali ya ukoo huo.

Na jina lake halikung'oka. Kabla ya kufika Naivasha matatu hupunguza mwendo, abiria wakaulizana kama wanasimama Delamere, dukani. Wanasimama. Wanashuka, wananyoosha miguu, wananunua yogati.