Henry Flipper: Afisa aliyesafishwa jina akiwa kaburini

HENRY Ossian Flipper, Mmarekani wa kwanza mweusi kuhitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point, alifukuzwa jeshini mnamo 1882 kwa hukumu iliyochukua miaka 117 kufutwa.

Alizaliwa mtumwa mnamo Machi 21, 1856, mjini Thomasville, jimbo la Georgia. Utumwa ulipokomeshwa mnamo 1865, alipata nafasi ya kusoma na hatimaye akajiunga na West Point mnamo 1873. Vijana weusi waliomtangulia chuoni humo hawakuhitimu. Kwa miaka minne, wenzake weupe hawakumsemesha ila kwa mambo ya kikazi. Alivumilia, na mnamo 1877 akahitimu akiwa wa 50 kati ya wanafunzi 76.

Luteni huyo alipelekwa katika Kikosi cha 10 cha wapanda farasi, ambacho askari wake walikuwa weusi na maafisa wao weupe. Katika kambi ya Fort Sill, Oklahoma ya leo, alichimbisha mtaro wa kuondoa maji yaliyotuama ambayo yalihusishwa na malaria. Mnamo 1880 alishiriki katika vita dhidi ya Victorio, kiongozi wa Waapache.

Masaibu yalimfika katika kambi ya Fort Davis, Texas, alikosimamia fedha za bohari ya chakula. Mnamo 1881 aligundua kwamba fedha zilikuwa zimepungua. Badala ya kuripoti, alificha upungufu huo huku akitarajia kuufidia, na akaandika hundi ya benki ambayo hakuwa na akaunti nayo. Njia ya mwongo ni fupi. Mkuu wa kambi, Kanali William Shafter, alimtia mbaroni. Marafiki na wafanyabiashara walichanga, na fedha zote zikarejeshwa.

Mahakama ya kijeshi ilimwondolea shtaka la wizi, lakini ikampata na hatia ya mwenendo usiomstahili afisa na muungwana. Mtu aliyezaliwa mtumwa akavuliwa cheo kwa kukosa uungwana. Mwanasheria mkuu wa jeshi alipendekeza adhabu nafuu, ila Rais Chester Arthur aliidhinisha afukuzwe. Alitoka jeshini Juni 30, 1882.

Flipper hakukata tamaa. Alifanya kazi ya uhandisi na upimaji wa ardhi katika majimbo ya kusini-magharibi na nchini Mexico. Kwa kuwa alikifahamu vyema Kihispania, serikali iliyomfukuza ilimwajiri kutafsiri hati na sheria za ardhi za Mexico. Mnamo 1921 aliteuliwa msaidizi wa Waziri wa Mambo ya Ndani, na baadaye akafanya kazi katika sekta ya mafuta nchini Venezuela.

Kuanzia 1898 aliliomba Bunge la Marekani mara kadhaa limrejeshee heshima yake, lakini juhudi hizo ziligonga mwamba. Alifariki mjini Atlanta mnamo 1940, bila kuoshwa doa hilo.

Jitihada za jamaa zake na mwalimu mmoja wa Georgia zilizaa matunda mnamo 1976, jeshi lilipobadilisha rekodi zake kuonyesha kwamba aliondoka kwa heshima. Mnamo 1978 mabaki yake yalizikwa upya Thomasville. Msamaha kamili ulitolewa na Rais Bill Clinton mnamo Februari 19, 1999, karibu miaka 59 baada ya mwenyewe kuiaga dunia.