Ukomo wa Kukaribia: Istilahi Inayokosekana Chini ya Laini za Umeme

Sheria za usalama kazini za nchi nyingi zina kanuni inayofanana kuhusu nyaya za umeme zinazopita juu ya vichwa vyetu: mtu, mashine, chombo wala mzigo usiingie ndani ya umbali uliotajwa kutoka kwenye waya wenye umeme. Kiingereza cha mafundi wa laini huuita umbali huo "minimum approach distance". Sisi tunaosema Kiswahili hatujaupa jina moja. Tunasema "umbali salama", "umbali wa kutosha", au tunapiga kelele tu: "Angalia waya!" Makala hii inaeleza dhana hiyo ilivyo katika sheria, inapima majina yanayokuja haraka mdomoni, kisha inapendekeza jina moja, yaani ukomo wa kukaribia.

Sheria inasemaje

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Marekani, kwa kuwa kule kanuni imeandikwa kwa jedwali. Kanuni za kreni katika kazi za ujenzi, zilizoanza kutumika Novemba 2010, zinaweka ukomo kufuatana na msongo wa umeme. Laini ya hadi kilovoti 50, kreni isiikaribie chini ya futi 10, yaani mita 3 na ushee. Zaidi ya kilovoti 50 hadi 200, ni futi 15. Zaidi ya 200 hadi 350, futi 20. Zaidi ya 350 hadi 500, futi 25, ambazo ni kama mita 7.6. Zaidi ya 500 hadi 750, futi 35. Jimbo la Ontario, Kanada, nalo hutumia ngazi tatu: mita 3 kuanzia volti 750 hadi kilovoti 150, mita 4.5 kutoka hapo hadi kilovoti 250, na mita 6 kwa msongo unaozidi huo.

Jedwali si mwanzo wa kanuni. Kabla kreni haijainua kitu, Mmarekani anatakiwa aweke alama za mipaka ya eneo la kazi na ajiulize: mkono wa kreni, kamba au mzigo, ukinyooshwa hadi mwisho wake, unaweza kufika ndani ya futi 20 za laini? Jibu likiwa ndiyo, na laini ikiwa haizidi kilovoti 350, ana njia tatu tu. Ya kwanza, laini izimwe na iunganishwe na ardhi hapo hapo kazini, mahali inapoonekana kwa macho. Ya pili, ahakikishe hakuna kitu kinachoingia ndani ya futi hizo 20. Ya tatu, aulize msongo wa laini, kisha afuate jedwali pamoja na masharti mengine ya ulinzi. Mwenye laini akiombwa anapaswa kutaja msongo huo ndani ya siku mbili za kazi. Na muda wote huo laini huhesabiwa kuwa ina umeme mpaka mwenye laini athibitishe vinginevyo.

Uingereza imeingilia mlango mwingine. Kanuni ya 14 ya Kanuni za Umeme Kazini za mwaka 1989 haianzi na mita, inaanza na katazo. Mtu asifanye kazi karibu na waya wenye umeme kiasi cha kuweza kudhurika, isipokuwa masharti matatu yatimie kwa pamoja: iwe haiwezekani kwa busara kuuzima waya, iwe kuna sababu ya haki ya mtu kuwa karibu nao ukiwa na umeme, na tahadhari zinazofaa ziwe zimechukuliwa. Kwa Mwingereza, swali la kwanza ni kama kuna haja ya kukaribia hata kidogo. Umbali unafuata baadaye.

Kwa nini mita tatu

Hapa ndipo wengi wanapoikosa maana ya dhana. Hewa kavu huhimili takriban kilovoti 3 kwa kila milimita kabla cheche haijaruka. Kwa hesabu hiyo, waya wa kilovoti 11 hauwezi kurusha cheche hata umbali wa upana wa kidole. Basi sheria imetoa wapi mita 3?

Imezitoa kwenye mambo yanayotokea kazini. Waya ukipata joto la jua na la mzigo wa umeme hurefuka na kulegea, kwa hiyo laini iliyopimwa asubuhi huwa imeshuka alasiri. Upepo huupeleka kando. Mzigo ulioning'inia kwenye kreni huyumba, na mkono wa kreni wenyewe hupinda kidogo ukibeba na kunyooka ukishusha. Juu ya yote ni jicho la mwanadamu: waya mwembamba ukitazamwa juu ya anga tupu hauoneshi uko mbali kiasi gani, hasa kwa aliyekaa ndani ya kabini ya mashine akiutazama kutoka chini. Mita 3 zimebeba yote hayo. Cheche imepewa sehemu ndogo, na sehemu kubwa imepewa mabadiliko hayo ya kazini na kosa la binadamu.

Ushahidi uko katika kanuni nyingine za Marekani. Fundi wa laini aliyefunzwa na kuthibitishwa, kwa msongo wa kati ya volti 5,100 na 15,000, anaruhusiwa kukaribia hadi kama sentimita 65 kutoka kwenye waya, akifuata taratibu za kazi yake. Mwashi, mpaka rangi, dereva wa tipa au mkata miti asiyefunzwa kazi ya umeme hubaki nje ya mita 3. Umeme ni ule ule na waya ni ule ule. Tofauti ya mita mbili na zaidi imetokana na mafunzo, vifaa na usimamizi. Jina la Kiswahili linalofaa lazima liweze kubeba jambo hili, kwamba ukomo hutegemea laini na hutegemea pia mtu.

Majina yanayopotosha

"Umbali salama" ndilo jina linalopendwa, na kosa lake ni ahadi linayoitoa. Anayelisikia huelewa kwamba akishafika umbali huo amemaliza, yuko salama. Sheria haisemi hivyo. Inasema ndani ya umbali huo usiingie kabisa, na nje yake bado una masharti ya kutimiza. Tena neno "salama" humwachia kila mtu apime kwa moyo wake. Fundi aliyejenga miaka mingi bila ajali ana usalama wake kichwani, na mara nyingi ni mfupi kuliko wa sheria.

"Umbali wa chini" ni tafsiri ya neno kwa neno, na kwenye eneo la ujenzi ni ya hatari. Pale "chini" ni ardhini. Mwambie saidia fundi azingatie umbali wa chini wa laini, naye ataelewa umbali kutoka ardhini hadi kwenye waya. Hilo ni jambo jingine, lenye sheria yake. Nchini Uingereza, kwa mfano, waya wa hadi kilovoti 33 usiwe chini ya mita 5.2 kutoka ardhini, na wa kilovoti 400 usiwe chini ya mita 7.3. Hicho ni kimo cha waya, na ni wajibu wa mwenye laini. Ukomo tunaouzungumzia ni wajibu wa anayefanya kazi. Dereva wa tipa anayechanganya mambo hayo mawili atainua bodi akidhani kimo cha waya kinamlinda.

"Umbali mdogo kabisa" nalo linavuta upande usiotakiwa. Sheria inataka kumsogeza mtu mbali, ilhali jina hili linamwita karibu.

Lipo pia neno "mkuza", ambalo Tanzania hulitumia kwa ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya laini ya umeme au bomba. Ni neno zuri na libaki na kazi yake. Nchini Kenya, KETRACO, kampuni ya kusafirisha umeme, hutenga ukanda wa upana wa mita 30 kwa laini ya kilovoti 132, mita 40 kwa kilovoti 220 na mita 60 kwa kilovoti 400. Mkuza hueleza ardhi itumikeje: nyumba isijengwe, miti mirefu isipandwe. Hauelezi mkulima aliyeruhusiwa kulima mazao mafupi humo abebeje bomba la alumini la kumwagilia. Akiliinua wima, mkuza haujavunjwa, lakini ukomo wa kukaribia huenda umevunjwa.

Ukomo, na kukaribia

Neno "ukomo" limekwisha kukaa katika lugha ya sheria. Tuna ukomo wa mwendokasi barabarani, ukomo wa muda wa kufungua shauri mahakamani, ukomo wa bajeti. Kila mmoja anajua kwamba ukomo hauombi maoni. Ukiuvuka umevunja sheria, hata kama hakuna aliyeumia. Maana hiyo ndiyo inayokosekana katika "umbali salama".

"Kukaribia" nalo ni kitenzi, na hilo ni faida. Linamtaja anayesogea, pamoja na kila alichoshika. Umbali wa kawaida huwa tunaupima kutoka tulipo sisi, lakini sheria huupima kutoka sehemu ya mbele kabisa ya chombo. Chukua nondo ya mita 12, urefu ambao nondo huuzwa nao madukani. Fundi amesimama juu ya zege, mita 8 kutoka kwenye waya wa kilovoti 11 unaopita usawa wake, na ameishika nondo katikati. Yeye mwenyewe yuko mbali. Akigeuka, ncha ya nondo iko mita 2 kutoka kwenye waya. Ameshapita ukomo wa mita 3, na hatua chache zaidi zitamkutanisha na waya usio na ganda, kama zilivyo kwa kawaida nyaya za kilovoti 11 na 33 zinazopita mitaani Tanzania na Kenya.

Napendekeza ufafanuzi huu: Ukomo wa kukaribia ni umbali uliowekwa na sheria, unaopimwa pande zote kutoka kwenye waya wenye umeme hadi sehemu iliyo karibu zaidi ya mtu, chombo, mashine, kamba au mzigo, ambao hauruhusiwi kupungua wakati wowote wa kazi, na ambao hutegemea msongo wa laini na sifa za mfanyakazi.

Maneno "pande zote" yana uzito. Ukomo unauzunguka waya juu, chini na ubavuni. Anayepaka rangi ghorofa ya tatu anaweza kuwa juu ya laini, na bado yuko chini ya kanuni hii.

Istilahi zinazoandamana nayo

Istilahi haiishi peke yake. "Msongo" lazima ujulikane kwanza, kwa maana bila huo jedwali halisomeki, na hakuna anayeweza kuujua kwa uhakika kwa kutazama nguzo tu. Anayeujua ni mwenye laini. "Mwangalizi" ni mtu aliyepewa kazi moja tu, kutazama nafasi kati ya mashine na waya na kumsimamisha mwendeshaji kabla ukomo haujafikiwa. Mtu anayeangalia huku anafunga mzigo si mwangalizi kwa maana hii.

"Laini iliyozimwa" na "laini iliyounganishwa na ardhi" visichukuliwe kuwa kitu kimoja. Laini iliyozimwa inaweza kurudi na umeme kwa mtu kuiwasha bila kujua, kwa jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya, au kwa laini nyingine inayopita sambamba nayo. Waya wa kuunganisha laini na ardhi, unaoonekana pale kazini, ndio unaomlinda aliye juu ya ngazi.

Na ukomo ukishavunjwa, mashine ikagusa waya, mwendeshaji abaki ndani na wengine wakae mbali hadi laini izimwe. Akilazimika kutoka kwa sababu ya moto, aruke miguu ikiwa pamoja bila kugusa mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha asogee kwa hatua fupi mno za kuburuta nyayo.

Kwa nini sasa

Gridi zetu zinakua. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linapeleka umeme Chalinze kwa laini ya kilovoti 400. Laini ya msongo huo huo imeunganisha Kenya na Tanzania kutoka Isinya hadi Singida. Kwa msongo huo, mita 3 za laini ndogo za mitaani hazitoshi hata kidogo. Jedwali la Marekani lingedai mita 7.6. Chini ya laini hizi watapita wachungaji, wachimba mitaro, madereva wa tipa na mafundi wanaofanya kazi kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni.

Sheria za Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zimemwekea mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Wajibu huo hautimii kwa lugha ambayo mfanyakazi haielewi, wala kwa Kiswahili cha kukisia. Baraza la Kiswahili la Taifa, wahandisi na wakaguzi wa kazi waipime istilahi hii, na wakipata iliyo bora zaidi waitangaze hiyo, mradi iwe moja na iandikwe kwenye mabango, mikataba na vibali vya kazi.

Wewe unayejenga mwaka huu usisubiri kamusi. Kabla nondo ya kwanza haijapandishwa, mwulize mwenye laini maswali mawili: msongo ni kilovoti ngapi, na ukomo wa kukaribia ni mita ngapi? Kazi isianze mpaka upate majibu yote mawili.